SAR Katika Mizani ya Uluguru: Muundo, Utendaji na Udhibiti wa Bunduki ya Nusu-Otomatiki

Katika taarifa za Jeshi la Polisi kuhusu silaha zinazokamatwa mikononi mwa majangili na majambazi, jina la SAR hujitokeza mara kwa mara pamoja na SMG na gobore. Wananchi wengi hulisikia jina hilo bila kufahamu ni bunduki ya namna gani, imeundwaje, na kwa nini silaha iliyobuniwa mwaka 1945 ingali inafanya kazi hadi leo. Makala haya yanaeleza muundo wa bunduki hiyo na kuupima utendaji wake kwa vigezo vilivyojaribiwa kwa gharama kubwa ya maisha ya watu katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, mwaka 1916.

Jina na asili

SAR ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya bunduki ya nusu-otomatiki. Ingawa maneno hayo yanahusu aina nzima ya silaha, nchini Tanzania kifupisho hicho kimezoeleka zaidi kwa bunduki moja: ile iliyobuniwa na Mrusi Sergei Simonov na kufahamika duniani kwa jina la SKS, pamoja na nakala yake iliyoanza kutengenezwa nchini China mwaka 1956 kwa jina la Aina ya 56. China ilizipa silaha zake tatu za mwaka huo namba hiyo hiyo, ikazitofautisha kwa kazi zake: bunduki ya nusu-otomatiki, rashasha ndogo na bombomu jepesi. Majina yanayotumika Tanzania yanalingana na mgawanyo huo. Silaha ambayo mataifa mengine huiita AK, hapa nchini huitwa SMG, na dada yake anayefyatua risasi moja moja huitwa SAR.

Wazo la bunduki inayojijaza yenyewe halikuanza na Simonov. Mexico iliipokea bunduki ya namna hiyo, iliyobuniwa na Manuel Mondragón, mwaka 1908. Ufaransa iliwapa askari wake nyingine mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na Marekani ikaikubali ile ya John Garand mwaka 1936. Jambo jipya katika kazi ya Simonov lilikuwa risasi. Bunduki zilizotangulia zilitumia risasi ndefu na nzito zilizokusudiwa kufika mbali kuliko uwezo wa askari wa kawaida kulenga. SKS iliundwa kwa risasi fupi ya milimita 7.62 iliyobuniwa mwaka 1943, yenye nguvu ya kati. Umoja wa Kisovyeti uliipokea rasmi jeshini mwaka 1949.

Namna inavyofanya kazi

Bunduki ya nusu-otomatiki hufyatua risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, kisha hutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine bila mpigaji kushika kitu chochote. Hapo ndipo inapotofautiana na bunduki ya komeo la mkono, ambayo humlazimu mpigaji kuvuta na kusukuma komeo baada ya kila mlio, na pia na rashasha, ambayo huendelea kumimina risasi maadamu kifyatulio kimeshikiliwa.

Katika SAR, kazi hiyo hufanywa na gesi ya baruti. Risasi inapopita katika mtutu, sehemu ndogo ya gesi huingia katika tundu lililo juu ya mtutu na kusukuma pistoni fupi. Pistoni husukuma kifimbo, nacho hupiga kibebeo cha komeo na kukirudisha nyuma. Nyuma ya komeo, ambayo wakati wa kufyatua hukaa imeinama na kujibana dhidi ya kingo ya chuma, huinuliwa. Komeo hurudi nyuma, hutupa ganda nje, kisha springi huirudisha mbele pamoja na risasi mpya.

Bunduki hiyo ina uzito wa takribani kilogramu 3.85 ikiwa tupu, urefu wa mita moja na sentimita mbili, na mtutu wa sentimita 52. Risasi yake, yenye uzito wa takribani gramu 8, hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 735 kwa sekunde. Magazini yake hubeba risasi 10 na hubaki bungukini wakati wote. Hujazwa kutoka juu kwa klipu ya risasi 10 zinazosukumwa chini kwa kidole gumba, na risasi zinapokwisha, komeo hubaki wazi, hivyo mpigaji hujua mara moja kwamba silaha ni tupu. Singe yake hukunjwa chini ya mtutu, na vifaa vya kusafishia huhifadhiwa ndani ya kitako cha mbao.

Uluguru kama uwanja wa kipimo

Takwimu za kiwandani hueleza bunduki ilivyo, lakini hazielezi itakavyokuwa mikononi mwa askari aliyelowa mvua, mwenye njaa na aliyepanda mlima siku nzima. Kwa Tanzania, historia ilikwisha kuweka kipimo hicho katika Milima ya Uluguru.

Tarehe 26 Agosti 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliingia mji wa Morogoro, kituo muhimu cha Reli ya Kati iliyokamilika miaka miwili kabla. Majeshi ya Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck yalikwisha kuondoka kuelekea kusini kwa kuizunguka milima, yakielekea Kisaki. Mapema mwezi Septemba, vikosi viwili vya Afrika Kusini vilivyopita njia tofauti vilishindwa kuungana kwa wakati karibu na Kisaki, vikasukumwa nyuma kimoja baada ya kingine. Kisha mvua zikawasimamisha wote katika eneo la Mto Mgeta hadi Januari 1917.

Askari wengi waliopigana pande zote za milima hiyo walikuwa Waafrika, na nyuma yao walikuwapo wapagazi waliobeba kila kitu kwa vichwa na mabega. Silaha walizotumia hazikuwa sawa. Vita vilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi ya askari wa Kijerumani yalikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, iliyotumia baruti nyeusi. Wengine walikuwa na Mauser ya mwaka 1898, ya milimita 7.92, iliyotumia baruti isiyo na moshi na kubeba risasi tano. Kwa upande wa Waingereza, bunduki kuu ilikuwa Lee-Enfield yenye magazini ya risasi 10. Zote zilikuwa za komeo la mkono. Hata hivyo, matokeo yake yalionyesha mambo matatu ambayo bunduki yoyote, ikiwemo ya nusu-otomatiki, lazima ipimwe nayo.

La kwanza ni kujificha. Bunduki ya 1871 ilitoa wingu la moshi mweupe kila ilipofyatuliwa. Katika kichaka, askari aliyejificha vizuri alijitangaza kwa mlio wake wa kwanza, na wa pili ulimkuta adui akijua pa kulenga. Askari aliyepewa bunduki hiyo alilipa kwa maisha yake kosa la kifaa ambacho hakukichagua.

La pili ni mzigo. Risasi moja ya Mauser ya 1871 ilikuwa na uzito wa takribani gramu 43, na ile ya Mauser ya 1898 takribani gramu 24. Kwa mzigo wa kilogramu 25 kichwani, mpagazi angebeba risasi zisizofika 600 za aina ya kwanza, au zaidi kidogo ya 1,000 za aina ya pili. Mahali ambapo hapakuwa na barabara ya gari na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa ndorobo, tofauti hiyo ilihesabiwa kwa idadi ya watu waliolazimishwa kubeba.

La tatu ni unyevu. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens ilishambuliwa katika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na shehena yake ya silaha ikaokolewa majini. Mamilioni ya risasi yalikuwa yamelowa maji ya chumvi. Ilibidi zifunguliwe, zikaushwe na kufungwa upya kwa mikono, na hata baada ya kazi hiyo nyingi zilishindwa kulipuka. Bunduki nzuri yenye risasi mbovu haikuwa na thamani kuliko rungu.

SAR katika mizani hiyo

Kwa kigezo cha moshi, SAR hufaulu bila shida, kwa kuwa risasi yake hutumia baruti isiyo na moshi mwingi. Faida yake nyingine ni kwamba mpigaji hahitaji kuondoa mkono kwenye kifyatulio wala kuhamisha jicho kutoka kwenye shabaha. Kiwango chake cha kivitendo ni risasi 35 hadi 40 kwa dakika, ambacho askari wa kawaida wa mwaka 1916 hakuweza kukifikia kwa bunduki ya komeo.

Kwa kigezo cha mzigo, tofauti ni kubwa zaidi. Risasi ya SAR ina uzito wa takribani gramu 16.5. Mzigo ule ule wa kilogramu 25 ungebeba takribani risasi 1,500, yaani mara mbili na nusu ya zile za Mauser ya 1871. Teke lake begani pia ni dogo, jambo linalomwezesha mtu mwenye umbo dogo kujifunza kulenga kwa muda mfupi.

Kwa upande wa umbali, kipimo chake cha kulengea kimechorwa hadi mita 1,000, lakini matumizi yake ya kweli ni ndani ya mita 400. Katika tambarare za Mkata au Kisaki mpaka huo unaweza kuonekana kama upungufu. Ndani ya msitu wa Uluguru, ambamo jicho mara nyingi haliwezi kupenya zaidi ya makumi machache ya mita, umbali zaidi ya huo hauna kazi. Mtutu wake wa sentimita 52 ni mrefu kuliko ule wa SMG wenye sentimita 41.5, na nafasi kati ya vilengeo vyake ni kubwa zaidi, hivyo hulenga kwa utulivu zaidi risasi moja moja.

Milima huleta hesabu nyingine. Mvutano wa ardhi huivuta risasi kulingana na umbali wa ulalo, si urefu wa mteremko. Shabaha iliyo mita 300 juu au chini ya mteremko wa nyuzi 30 iko umbali wa ulalo wa mita 260 tu, na mpigaji anayelenga kana kwamba yuko tambarare hupiga juu. Kosa hilo haliondolewi na bunduki yoyote. Linaondolewa na mafunzo.

Mapungufu

Mizani ya haki lazima ioneshe pia upande mwingine. Magazini ya risasi 10 isiyotolewa ilipitwa na wakati mapema, kwani SMG yenye risasi 30 za aina hiyo hiyo ilipokelewa jeshini na Wasovyeti mwaka ule ule wa 1949, na ndani ya miaka michache ikachukua nafasi ya kwanza. SAR ikabaki zaidi katika vikosi vya akiba, mafunzo na gwaride, ambako mtutu wake mrefu na singe huipa mwonekano wa heshima.

Pili, mtambo unaotegemea gesi una sehemu nyingi zaidi za kusafishwa kuliko komeo la mkono. Risasi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na fataki zinazoacha chumvi baada ya mlipuko, na chumvi hiyo hunyonya unyevu. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata katika baadhi ya maeneo mvua inayozidi milimita 2,500 kwa mwaka, na vilele vyake, vinavyopita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari huko Kimhandu, hufunikwa na ukungu kwa muda mrefu. Katika hali hiyo kutu huanza upesi. Watengenezaji wa China walipaka ndani ya mtutu tabaka la kromu kama kinga, lakini pistoni na bomba la gesi havikupata kinga hiyo, na hivyo ndivyo vinavyoharibika kwanza.

Tatu, katika matoleo mengi pini inayopiga fataki huelea bila springi ya kuizuia. Ikiwa tundu lake limejaa uchafu au mafuta yaliyoganda, pini inaweza kukwama ikiwa imejitokeza mbele, na risasi ikalipuka komeo linapojifunga kabla kifyatulio hakijaguswa. Kwa sababu hiyo, SAR iliyofukiwa ardhini au kufichwa darini kwa miaka mingi ni hatari hata kwa anayeishika bila nia ya kuitumia. Nne, kitako cha mbao huvimba kwa unyevu na kujikunja kinapokauka, jambo linaloweza kubadili pale risasi inapofikia.

Risasi, matunzo na Morogoro

Funzo la Ghuba ya Manza, kwamba bunduki haiwezi kuwa bora kuliko risasi zake, lina uhusiano wa moja kwa moja na Morogoro. Shirika la Mzinga, lililo chini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi, lilianzishwa mjini humo mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China ili nchi iweze kujitengenezea risasi. Kwa taifa lililokuwa likiunga mkono harakati za ukombozi kusini mwa Afrika, kutegemea meli ya mbali kwa kila sanduku la risasi kungekuwa udhaifu ule ule uliowakuta Wajerumani, ambao baada ya kuzingirwa baharini walitegemea meli chache zilizopenya na ngawira walizonyakua vitani.

Uhifadhi wa risasi ni sehemu ya kipimo hicho. Zinahitaji ghala kavu, lenye hewa na joto lisilopanda na kushuka ovyo, pamoja na ukaguzi wa mara kwa mara. Vivyo hivyo, utendaji wa bunduki hutegemea daftari la ghala kama unavyotegemea ubora wa chuma: nani aliichukua, aliirudisha lini, ilisafishwa na nani.

Ubora unaogeuka hatari

Sifa zinazoipa SAR alama nzuri katika mizani hii ni uimara, wepesi wa kujifunza, teke dogo na uwezo wa kuvumilia matunzo hafifu. Sifa hizo hizo ndizo zinazoifanya iwe hatari inapotoka katika mikono halali. Silaha tata huharibika upesi bila fundi. SAR, iliyotengenezwa miaka ya 1950 au 1960, inaweza kupita mikononi mwa watu wengi na bado ikaua.

Gharama ya silaha haramu inaonekana kusini mwa Uluguru. Katika mfumo ikolojia wa Selous na Mikumi, hesabu ya mwaka 2009 ilikadiria kuwapo kwa tembo 38,975, na ile ya mwaka 2013 ikakadiria 13,084 tu. Tembo hao waliangushwa kwa silaha za aina mbalimbali, zikiwemo za kivita na za kuwindia. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, yenye makao yake makuu Morogoro, ni miongoni mwa taasisi zilizokabidhiwa jukumu la kuzuia maafa hayo yasirudi.

Kwa kutambua tofauti kati ya bunduki ya kuwindia na ile inayojijaza yenyewe, Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini, inazitaka nchi wanachama kupiga marufuku raia kumiliki na kutumia bunduki za otomatiki na za nusu-otomatiki. Itifaki hiyo pia inazitaka kuweka alama za utambulisho kwenye silaha, ili inayopotea iweze kufuatiliwa hadi ilikotoka. Hapa nchini, umiliki wa silaha za moto husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayomtaka kila mmiliki kuwa na leseni.

Jeshi la Polisi limewahi kutoa vipindi maalumu vya kusalimisha silaha haramu kwa hiari, kama ilivyofanyika mwaka 2022. Mwananchi anayekuta bunduki au risasi shambani, msituni au katika nyumba aliyorithi anashauriwa asiiguse, asijaribu kuifungua wala kuisafisha, bali azuie watoto na wengine wasiikaribie na kutoa taarifa mara moja kwa kituo cha polisi au kwa mtendaji wa kijiji au kata.

Kati ya msitu wa kaskazini na wa kusini wa Uluguru lipo eneo liitwalo Bunduki, wilayani Mvomero, ambalo wanamazingira hulifahamu zaidi kwa ufa wake unaotenganisha misitu hiyo miwili. Wakazi wa milima hiyo leo hulima mboga, matunda na viungo, na maji yanayoanzia huko hutiririka katika Mto Ruvu hadi katika mabomba ya Dar es Salaam. Kwa askari anayelinda misitu na wanyamapori wa ukanda huo, bunduki bora ni ile iliyosafishwa, iliyojazwa risasi nzuri na iliyoandikwa katika daftari. Kwa mwananchi anayepita njia hizo kwenda shambani, ni ile inayorudishwa ghalani jioni na kuhesabiwa.